Ukingo wa Dari na Bomba la Mvua



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, limo agizo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Musa awaamuru Israeli kwamba mtu ajengaye nyumba mpya sharti aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka, na hatia ya damu ikaikalia nyumba ile. Katika nchi yao dari zilikuwa tambarare, na watu walikaa juu yake kama sisi tukaavyo barazani. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani. Petro naye alipanda darini kule Yafa ili asali. Basi dari yenyewe Musa haikatazi. Mwenye nyumba na aifurahie. Lakini ukingo ni deni lake kwa mwili wa mtu mwingine.

Siku hizi wengi miongoni mwetu huweka bomba la mvua nyumbani, nami nasema ni jambo jema. Mtu aliyepanda mlima miaka mingi na ndoo kichwani ana haki ya kumshukuru Mungu maji yamwangukiapo yenyewe. Wala sioni utakatifu wowote katika kuoga maji baridi makusudi mwezi wa Julai, hasa kwetu tukaao miteremkoni mwa Kilimanjaro. Neno ninalouliza ni hili: ukingo wa bomba la mvua ni upi?

Bomba lipashalo maji moto papo hapo kwa umeme laweza kula wati 5,000, yaani sawa na taa 500 za wati 10. Waya mwembamba wa taa hauwezi kuuchukua mzigo huo; utashika moto ukutani. Tena aogaye amesimama peku, naye amelowa, na ngozi iliyolowa haiuzuii umeme kama ngozi kavu. Kwa hiyo bomba hilo lahitaji waya wake peke yake, ulio mnene. Lahitaji na waya wa kuupeleka ardhini umeme uliovuja, na chombo cha kuukata mara uvujapo.

Fundi alipofika hapo katika kazi ya nyumbani kwetu, alisimama akaniambia, "Mchungaji, huu wa ardhini wengi huniambia niuache. Hauonekani, na maji yatapata moto vilevile." Ni kweli, yatapata moto vilevile. Hata dari isiyo na ukingo hupunga upepo vilevile. Lakini siku ya kuvuja, atakayekuwa chini ya bomba ni nani? Labda si yule aliyepunguza gharama. Labda ni mgeni, au binti atusaidiaye kazi, au bibi aliyeletwa kutoka kijijini, asiyejua hata kidogo kwamba juu ya kichwa chake pamepita umeme. Nikamwambia auweke.

Walimu wa Katekisimo watanielewa. Tuifundishapo Amri ya Tano, watoto hufikiri habari za kisu na rungu. Lakini Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakukomea hapo; alifundisha kwamba tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie katika kila haja ya mwili. Basi waya usioonekana umo katika amri hiyo. Umo na ubao wa sakafu, yaani vigae: vile ving'aavyo sana huteleza, na nyonga ya mzee ikivunjika haiungi upesi. Na dirisha la bafu liwekwe juu. Daudi alitazama toka darini kwake akamwona mwanamke akioga; dhambi ilikuwa ya Daudi, wala si ya yule mwanamke, lakini ukuta mzuri ungaliwafaa wote wawili.

Limebaki jambo ambalo kwetu mlimani ni kubwa kuliko yote. Bomba la mvua hutoa kadiri ya lita 8 hata 10 kwa dakika. Mtu akioga dakika 10, amemwaga ndoo nne au tano za lita 20, naye zamani alioga kwa ndoo moja. Nyumba ya watu sita, je? Maji hayo yenye sabuni hayapotei yapitapo tundu la sakafu. Huteremka. Na chini yetu pana kihamba cha jirani, na chini zaidi pana mfongo, ambao wazee waliuchimba na kuugawa kwa zamu ili kila ukoo upate maji yake. Mwenye kufungua bomba kabla ya kuchimba shimo la maji machafu amejitwalia zamu isiyo yake.

Nanyi wenye nyumba mpya, mtuitapo wachungaji kuja kuzibariki, msituishie sebuleni. Tupitisheni na nyuma, mtuonyeshe shimo.