Ahadi ya Kaskazi

Huku Kizimkazi mwisho wa kiangazi hautangazwi na kalenda, unatangazwa na upepo. Kuanzia Desemba kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, na kwa kuwa kijiji chetu kiko kusini-magharibi mwa Unguja, kisiwa chenyewe hutukinga. Bahari iliyo mbele yetu hutulia na watoto hushinda majini. Ikifika Machi upepo hulegea, joto la usiku huzidi, maembe yamekwisha, na kila mwenye nyumba huanza kutazama paa lake kwa sababu masika iko njiani. Kisha hushika kusi, na bahari ile ile iliyokuwa tulivu hupiga pwani kwa nguvu. Baba anayetaka kumfundisha mtoto mdogo kuogelea ana kama miezi mitatu tu.

Mimi si mwenyeji wa pwani. Nilikulia Bukoba, na marehemu baba yangu ndiye aliyenifundisha kuogelea katika Ziwa Victoria. Tunaishi Kizimkazi kwa sababu mke wangu anashika hesabu katika hoteli moja ya huku. Nami nawahudumia washarika waliotawanyika kusini mwa kisiwa, wengi wao wafanyakazi wa hoteli, na siku nyingi naamkia kwenye daladala ya kwenda mjini, mwendo wa kama kilomita 50 kupitia Kitogani, Jozani na Tunguu. Tuna watoto watatu: wa kwanza ni wa kiume mwenye miaka saba, wa pili ni wa kike mwenye miaka minne, na wa tatu bado ananyonya.

Wenye watoto wadogo mnajua asubuhi zetu zilivyo. Uji unaungua, kiatu kimoja hakionekani, mchanga analia, na yule wa miaka minne ameamua kuwa leo havai nguo. Mchana kijana wetu hurudi skuli, kama wanavyosema hapa, na wenzake wakienda chuoni kusoma Kurani yeye hukaa barazani kuwangoja. Wakitoka hukimbilia pwani pamoja. Wao huingia majini. Yeye hubaki pale maji yanapomfika magotini.

Siku ya Krismasi alinijia, akanishika mkono na kuniuliza lini nitamfundisha kuogelea. Nikamwambia, "Kabla kaskazi haijaisha, mwanangu. Nakuahidi."

Jirani yetu, mzee mvuvi, alikuwa karibu akishona wavu wake. Akacheka na kusema, "Padri, mtoto wa pwani asiyejua kuogelea ni deni la baba yake. Ukishindwa nipe mimi." Nikamshukuru, nikamwambia nitamfundisha mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza tuliyopanga, msharika mmoja alifiwa na mama yake. Nilimweleza kijana kwamba kuna mtu analia na lazima niende. Akaitikia bila kununa, hata akaniuliza kama mtu huyo ana watoto. Jumamosi ya pili kulikuwa na kikao ambacho kingeweza kufanyika jioni, lakini sikuomba kisogezwe. Ya tatu nilipata wageni. Ya nne sikuwa na lolote ila uchovu, nikamwambia ninaandaa mahubiri. Nililala. Kisha ikaja Kwaresima na ibada zake za katikati ya wiki, na mwishoni mwa Machi mvua ya kwanza ikatukuta mimi na mke wangu tukikimbia kuanua nguo.

Usiku ule, mvua ikigonga bati, niligundua kwamba mtoto hakuwa ameniuliza habari za kuogelea kwa wiki kadhaa. Asubuhi nikamwita. "Mbona huniulizi tena?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Wewe una kazi ya Mungu, Baba."

Angenilaumu ningejitetea. Angelia ningembembeleza. Lakini alikuwa amenisamehe bila kuombwa, na katika kunisamehe alikuwa ameshajifunza jambo baya: kwamba Mungu ndiye anayemchukua baba yake.

Wahenga wetu walisema ahadi ni deni. Hawakusema ahadi kwa mtu mzima ni deni, na kwa mtoto ni maneno ya kumtuliza. Lakini wengi wetu tunaishi hivyo. Tukimwahidi mwenye duka kumlipa Ijumaa, tunahangaika Alhamisi. Tukimwahidi mtoto, tunajua hana baraza la kutushitaki, na kesho atatupenda tu. Hatuna mdai mpole kuliko mtoto, na pengine ndiyo sababu tunamlipa mwisho. Basi swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: je, kazi ya Mungu yaweza kufuta deni la mtoto?

Yapo maneno magumu ya Bwana yanayoonekana kujibu ndiyo. Katika Mathayo sura ya 10 anasema kwamba ampendaye mwana au binti kuliko yeye hamstahili. Sitaki kulipunguza nguvu neno hilo. Kuna siku kumfuata Kristo kutagharimu nyumba zetu, na kuna waliolipa gharama hiyo kwelikweli. Lakini nilipojipima kwa neno hilo niliona aibu. Jumamosi ile ya nne sikumwacha mwanangu kwa ajili ya Kristo. Nilimwacha kwa ajili ya kitanda, nikaweka jina la Kristo juu yake kama shuka.

Ndipo nilipokumbuka Marko sura ya 7. Bwana Yesu anawakemea watu waliokuwa wakiwaambia wazazi wao kwamba msaada ambao wangewapa sasa ni korbani, yaani umekwisha kutolewa kwa Mungu. Neno ni takatifu, sadaka ni takatifu, lakini mzee nyumbani anakosa chakula. Yesu anasema kwamba kwa desturi hiyo wanalitangua neno la Mungu. Tumezoea kulihubiri fungu hilo kwa watoto wanaowatelekeza wazazi. Nilijiuliza kama halimhusu pia mzazi. Baba anayemwambia mtoto, "Muda ambao ungeupata kwangu ni korbani," anafanya nini tofauti na wale? Mungu hapokei sadaka iliyochukuliwa mfukoni mwa mtu mwingine, na muda nilioutoa kanisani Jumamosi zile haukuwa wangu tena. Nilikuwa nimeshamwahidi mtu.

Ninyi washarika mtaona kwamba hili si la wachungaji peke yao. Mwanakwaya ana mazoezi, mzee wa kanisa ana vikao, mama wa umoja wa wanawake ana wagonjwa wa kutembelea. Wengine korbani yao ni zamu ya hoteli au biashara: "Nafanya haya yote kwa ajili yenu." Mara nyingi ni kweli. Lakini mtoto hali ada ya shule tu, anakula pia neno la baba yake.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa imani yenyewe. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliiandika ili mkuu wa nyumba aifundishe kwa watu wa nyumbani mwake. Hakumwachia mchungaji peke yake, alimkabidhi pia mkuu wa nyumba. Na anapofafanua mwanzo wa Sala ya Bwana anafundisha kwamba tumwombe Mungu kwa ujasiri, kama watoto wapendwa wanavyomwomba baba yao mpendwa. Ufafanuzi huo unategemea kitu ambacho kitabu hakiwezi kukitoa. Unategemea kwamba mtoto anajua kumwomba baba kulivyo. Ikiwa nyumbani amejifunza kwamba kuuliza hakuna faida, tutamfundishaje kusali? Bwana naye, katika Luka sura ya 11, anatumia baba wa kawaida, aliyeombwa samaki na mwanawe, kutueleza Baba wa mbinguni. Kila mmoja wetu ni mfano huo kwa mtu fulani, upende usipende. Mtoto anayedai kila siku anachosha, lakini bado anatuamini. Tumwogope zaidi aliyeacha kudai.

Luther mwenyewe alikuwa baba wa watoto sita, na kuna kisa chake kimoja ambacho tangu Machi ile kimekuwa kikinirudia. Juni 1530 wakuu na wanatheolojia wa upande wake walikuwa Augsburg, wakijiandaa kusoma mbele ya Kaizari ungamo ambalo hadi leo ni msingi wa kanisa letu. Luther hakuweza kwenda kwa kuwa alikuwa chini ya marufuku ya dola, akakaa katika ngome ya Coburg akingoja habari. Mwanzoni mwa mwezi huo alikuwa amepata taarifa ya kifo cha baba yake mzazi. Basi tarehe 19 Juni, siku sita kabla Ungamo la Augsburg halijasomwa, mtu huyu mwenye huzuni na mzigo wa kanisa zima aliketi akamwandikia barua mwanawe Hans, aliyekuwa na miaka minne. Hakumwandikia fundisho la kuhesabiwa haki. Alimwandikia habari za bustani nzuri yenye matunda na farasi wadogo, mahali pa watoto wanaopenda kusali na kusoma, na akamwahidi kwamba akirudi atamletea zawadi kutoka mnadani. Ikiwa wiki ile ilikuwa na nafasi ya mtoto wa miaka minne, Jumamosi yangu ilikosaje?

Sisemi kwamba kila ahadi kwa mtoto lazima itimizwe siku ile ile. Msiba ulikuwa msiba, na mwanangu alilielewa hilo kuliko nilivyotarajia. Watoto wanajua tofauti kati ya baba aliyeitwa na baba aliyejificha. Ninachosema ni kwamba deni lililoahirishwa kwa haki bado ni deni, na linataka tarehe mpya. Na anayeona hawezi kulilipa akubali msaada. Mzee mvuvi alikuwa tayari tangu Krismasi. Sikutaka mtu mwingine amfundishe mwanangu, na wala mimi sikumfundisha. Hicho nacho kilikuwa kiburi kilichovaa nguo za upendo.

Nilimwomba mwanangu msamaha. Kwetu si desturi mzazi kumwomba mtoto radhi, na wapo wanaoona inashusha heshima. Lakini kila Jumapili nasimama mbele ya washarika tukiungama pamoja kwamba tumekosa kwa mawazo, maneno na matendo, na niliona si haki ungamo hilo liishie mlangoni mwa nyumba yangu. Nikamwambia, "Siku ile ya nne sikuwa na kazi ya Mungu. Nilikuwa nimechoka, nikakudanganya. Nisamehe." Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa, Baba," akarudi kwenye mchezo wake. Sijui alielewa kiasi gani.

Katika Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wa kale ambao ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Nikipita pale huwaza kwamba kuna watu waliochonga neno lao kwenye jiwe na limesimama zaidi ya miaka 900. Langu halikusimama miezi mitatu, ingawa liliandikwa mahali palipo laini kuliko jiwe na panapokumbuka zaidi.

Sasa naandika wakati wa kusi. Bahari haifai kwa mwanafunzi. Nimekwenda kwa mzee mvuvi, nikamwomba kaskazi ikirudi tuwe wawili majini na mtoto, ili siku nitakayoitwa msibani yeye aendelee. Amekubali, na amenicheka tena.

Wiki iliyopita kijana alikuja mlangoni mwa chumba ninamosomea. Upepo wa kusi ni upepo wa tiara, na wenzake wote wanarusha. Alisimama pale muda mrefu kabla ya kusema. Kisha akauliza, "Baba, unaweza kunitengenezea tiara?"

Nilikuwa katikati ya mahubiri, safari hii kwa kweli. Nikamwambia, "Saa kumi na nusu, nikimaliza ukurasa huu." Saa kumi na nusu tukachukua vijiti vya ufagio wa chelewa, gazeti la zamani na uzi wa mama yake. Tiara yetu haikuruka vizuri. Ilipanda mara mbili, ikanasa kwenye mwembe. Akaniomba tutengeneze nyingine kesho, na nilifurahi kudaiwa.