Kijana Wetu na Siku ya Mtihani



Kuna swali linalosumbua wazazi wengi katika parokia zetu, hata kama hawalisemi mbele ya watu: baba anayemnunulia mtoto wake pointi, je, anamsaidia ao anamharibu?

Tunajua namna jambo hilo linavyofanyika. Kijana yuko kilasi ya sita ya sekondari, Mtihani wa Serikali unakaribia, na habari inazunguka kwamba kila mwanafunzi atoe feza kidogo ili wasimamizi wafumbe macho. Papa anatafuta feza hizo, hata kwa kukopa, anamtia kijana mkononi na kumwambia: "Mwanangu, fanya kama wengine." Siku ya Mungu kijana huyohuyo anavaa kijani na nyeupe, anapiga tarumbeta katika fanfare, na papa anafurahi kuona amelea vizuri.

Tusimhukumu papa huyo haraka. Amelipa miaka mingi kwa jasho lake. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya masomo ya msingi. Sekondari mzazi bado anatoa. Mwalimu naye mshahara wake ni mdogo na mara nyingi unachelewa. Papa anajiuliza: kama wengine wanapita mlango huo, nimfungie mwanangu nje ili mimi nibaki safi? Hiyo ni hoja nzito, na mhubiri anayeiruka kwa mstari mmoja wa Biblia pengine hajawahi kulipa minervali.

Lakini tuangalie kile kijana anachojifunza. Tangu utoto tumemfundisha Upendo, Amri na Kazi. Hanywi pombe, havuti tumbaku, hachezi dansi. Vizuri. Amri hizo alizishika wakubwa wakimwangalia, na kuzishika hakukumgharimu kitu kikubwa. Mtihani ndio siku ya kwanza ambapo amri inaweza kumpotezea mwaka mzima, na siku hiyo baba yake mwenyewe anamwonyesha kwamba amri ina bei. Hatasahau. Kesho akiwa muuguzi, ao mweka hazina wa parokia, atakumbuka bei hiyo.

Someni tena habari za Shilo katika Samweli wa Kwanza, mlango wa pili na wa tatu. Nyumba ni moja na mzee ni mmoja, Eli. Wana wake Hofni na Finehasi walinyang'anya nyama ya sadaka. Eli aliwakaripia kwa mdomo tu, akawaacha katika kazi yao. Lakini Samweli alipoogopa kusema maneno mazito aliyoambiwa usiku, Eli alimwamuru asimfiche hata neno moja, ingawa yalikuwa hukumu juu ya nyumba yake. Mkubwa alitaka ukweli kutoka kinywani mwa mtoto, ukamwumiza, akaukubali. Ni walimu wangapi wanaoweza hivyo? Na sisi wachungaji?

Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 na kufa katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Wana wake watatu walikua bila baba nyumbani, mama yao Muilu Marie akiwaongoza. Hata hivyo walijua baba yuko wapi na kwa sababu gani. Kijana wa leo anayeishi na baba yake, je, anajua baba amekataa nini kwa ajili ya Mungu?

Tangu makubaliano ya mwaka 1977 Kanisa letu linaongoza masomo yake pamoja na Serikali. Basi tuanze huko, tena katika kilasi za chini. Kijana apewe kushika feza za kilasi na kuzihesabu mbele ya wenzake. Zikipungua, asikilizwe kwanza. Fimbo ya haraka inamfundisha kuangalia kama mwalimu yuko karibu, zaidi ya hapo kidogo sana. Na mchungaji aende masomoni hata siku isiyo na shida, ajue kijana gani analala njaa.

Tunajua kushindana kwa kutoa: nsinsani ni mali yetu, na Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa kwa sadaka na kwa mikono ya waamini. Sehemu ya sadaka hiyo inaweza kulipa mwalimu wa hesabu na taa ya jioni katika jumba la parokia, mwaka mzima, si mwezi wa mwisho tu.

Na yule aliyekataa kutoa feza, akaanguka wakati wenzake wamepita? Inatokea. Parokia imlipie mwaka wa pili. Papa yake asimlinganishe na mtoto wa jirani, na mahali pake katika fanfare pabaki pake.