Mpima Nyoyo Gerezani

Mahakama hupima tendo. Moyo uliolizaa tendo hilo haupimiki kwa urahisi. Hata hivyo yuko mtumishi ambaye kazi yake ni kuupima. Ni mtaalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, aingiaye gerezani kumsikiliza mfungwa, kisha akaiarifu mahakama kama mtu huyo alikuwa na akili timamu alipokosa, na kama yamkini atakosa tena. Je, yeye ni mtumishi wa nani: wa mfungwa amfunuliaye siri zake, au wa Serikali impayo mshahara?

Usidhani swali hili ni jepesi. Nchini Kenya liliwahi kujibiwa vibaya. Daktari J. C. Carothers aliisimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, ya wagonjwa wa akili, tangu 1938 hata 1950. Mwaka 1954, maelfu ya watu wakiwa kizuizini, serikali ya kikoloni ilichapisha taarifa yake, The Psychology of Mau Mau. Humo aliyaeleza maasi zaidi kama fadhaa ya nafsi za watu walioacha desturi zao wasipate nyingine, kuliko kama dai la ardhi na uhuru. Mwenye dai akaitwa mgonjwa. Na mgonjwa hajibiwi hoja, hutafutiwa dawa.

Basi tuitupe elimu hiyo? Hasha. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa si halali kumlazimisha jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya kuua. Tangu hapo jaji aweza kupima maisha ya mkosaji, majuto yake na tumaini la kurekebika kwake. Nani atamjulisha hayo, ikiwa hakuna aliyeketi akamsikiliza mfungwa?

Hapa Ukambani, wazee wa nzama walipoamua kesi ya damu na kutoza fidia ya mifugo, walizijua koo zote mbili. Mtaalamu wa leo ni mgeni. Humjua mtu kwa saa chache. Kwa hiyo yampasa kunena kwa kiasi.

Jibu langu ni kwamba mtumishi huyu ni wa kweli kwanza. Kabla mfungwa hajafumbua kinywa, na aambiwe waziwazi: "Usemayo nitayaandika, na jaji atayasoma." Akinyamaza, ni haki yake. Siri iliyotolewa kwa kudhani msikilizaji ni tabibu tu, kisha ikageuzwa ushahidi, imeibwa. Tena, kueleza sababu ya kosa si kulifuta: mjane wa aliyeuawa naye ana dai lake, na hakuna taarifa iwezayo kulizima.

Nawe mwanafunzi wa Katangi, au wa kwingineko, pengine hutaingia gerezani kwa kazi hiyo. Lakini mara nyingi mwenzako atakueleza kwa nini alikosa. Msikilize mpaka mwisho, wala usimwahidi siri usiyoweza kuitunza.