Mali Isiyo na Mwenyewe

Tarehe 21 Julai 1998, muungano wa hospitali na vyuo vya tiba vya jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliomba mahakama iutambue kuwa umefilisika. Ulijulikana kwa kifupi AHERF. Madeni yake yalifika dola bilioni 1.3, na hadi siku ile nchi hiyo haikuwa imeona shirika la afya lisilo la kibiashara likianguka kwa kishindo kama hicho. Wadai walikuwa maelfu kwa maelfu, kuanzia benki kubwa hadi wauza dawa.

Aliyeujenga ni Sherif Abdelhak, mkuu wa hospitali ya Allegheny General ya Pittsburgh. Mwaka 1988 alichukua Medical College of Pennsylvania, chuo kilichoanzishwa 1850 ili wanawake wasomee udaktari. Mwaka 1993 akaongeza Hahnemann, chuo cha tiba na hospitali yake mjini Philadelphia, na baada ya hapo hakusimama: hospitali juu ya hospitali, kliniki juu ya kliniki. Hoja yake ilipendeza masikioni. Hospitali zingeleta wagonjwa, wagonjwa wangeleta mapato, na mapato yangelea utafiti na wanafunzi. Mapato yalipopungua, mkono ukaingia kusikotakiwa. Waendesha mashtaka walidai kwamba takriban dola milioni 52 za mifuko ya wafadhili, zilizotolewa kwa masharti maalumu, zilichukuliwa kuziba mapengo ya matumizi ya kila siku. Mwaka 2002 Abdelhak hakupinga shitaka la kutumia vibaya mali ya hisani, akahukumiwa kifungo cha miezi 11 na nusu hadi 23.

Kisa hiki hufundishwa kwenye madarasa ya uhasibu na menejimenti. Hata hivyo, swali lililo chini yake hesabu haziwezi kulijibu: mali ile ilikuwa ya nani? Muungano wa namna hiyo hauna wanahisa. Serikali haikuwa mmiliki. Wengi wa waliotoa fedha walikwisha kufa. Wagonjwa ambao fedha hizo ziliwekwa kwa ajili yao, baadhi yao hawajazaliwa. Kiongozi anaketi juu ya utajiri ambao wenyewe hawapo chumbani, na hawatakuja kamwe kumwuliza.

Plato aliligusa jambo hili katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri. Socrates anabishana na Thrasymachus, mtu anayeamini kwamba kila mtawala hutawala kwa faida yake. Socrates anamjibu kwa mfano wa tabibu: tabibu, kwa jinsi alivyo tabibu, hutafuta nafuu ya mgonjwa, na ujira wake unatokana na ufundi mwingine kabisa, ule wa kuchuma. Ni hoja nzuri, lakini Socrates hakuwahi kukutana na tabibu ambaye pia ni mtafiti, mwalimu na mwenye hisa.

Mtu kama huyo alikuwapo Philadelphia, mwaka mmoja tu baada ya AHERF kuanguka. Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 mwenye ugonjwa wa ini wa kurithi ambao ulidhibitiwa kwa dawa na chakula maalumu, alijitolea kwa jaribio la tiba ya jeni katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alifariki tarehe 17 Septemba 1999, siku nne baada ya kudungwa. Mkuu wa taasisi iliyoendesha utafiti, James Wilson, alikuwa mwanzilishi wa Genovo, kampuni ya tiba hiyo hiyo, na chuo chenyewe kilikuwa na hisa humo. Mwaka 2005 chuo kilikubali kuilipa serikali zaidi ya dola 517,000 kumaliza madai yaliyotokana na jaribio hilo, bila kukiri kosa. Hakuna haja ya kumwona yeyote kuwa mwovu ili kuona tatizo. Mtu mmoja alipewa kofia kadhaa, na taasisi iliyopaswa kumvua moja ilikuwa imevaa mojawapo.

Waislamu walifikiri sana juu ya mali isiyo na mwenyewe, na walifanya hivyo wakiwa na hospitali mbele ya macho yao. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa mjini Cairo mwaka 1284, aliifanya kuwa wakfu: kodi za maduka na majengo zililisha wagonjwa, tajiri na maskini, na humo humo tiba ilifundishwa. Mali ya wakfu hutoka mikononi mwa mtoaji na haiingii mikononi mwa msimamizi. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa sana. Kenya na Zanzibar zote zina kamisheni za wakfu hadi leo.

Hapa mtu wa vitendo atapinga, na ana haki. Masharti ya marehemu yanaweza kuwa pingu. Nyumba ya wakfu huoza kwa sababu aliyeiweka alikataza isiguswe, na hospitali inaweza kufunga milango huku ikiwa na mamilioni benki yaliyotengwa kwa ugonjwa ambao haupo tena. Je, kiongozi atazame tu?

Mafakihi waliona shida hiyo zamani. Baadhi yao, Mahanafi hasa, waliruhusu mali ya wakfu ibadilishwe kwa nyingine yenye manufaa zaidi, kwa sharti kwamba kadhi aridhie. Pennsylvania nayo ina mahakama ambayo, licha ya kuitwa ya mayatima, kazi yake mojawapo ni kusimamia mali za hisani na kuruhusu masharti yabadilishwe inapobidi. Mlango ulikuwapo. Kwa hiyo kosa la AHERF halikuwa kwamba fedha zenye masharti ziliguswa. Ziliguswa bila kuuliza mtu wa nje, na waliokuwa ndani hawakuwa na uwezo wa kuuliza. Muungano ulikuwa na bodi takriban kumi, zisizojuana vizuri, kila moja ikiona kipande chake cha hesabu. Watu mashuhuri walijaa mezani, na picha nzima ilikuwa ya mtu mmoja.

Afrika Mashariki imejaribu njia zake. Mwaka 1976 Tanzania iliunganisha hospitali ya Muhimbili na kitivo cha tiba kuwa kituo kimoja. Mwaka 2000 sheria ikavitenganisha tena kuwa taasisi mbili, hospitali ya taifa na chuo, zenye uongozi wake kila moja lakini wodi zile zile. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa vimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2001 wakaanzisha AMPATH kukabili UKIMWI. Walikubaliana juu ya mpangilio wa kwanza na wa pili: huduma itangulie, mafunzo na utafiti vifuate. Ndiyo maana utamkuta daktari wa chuo kikuu akihangaikia mashamba, kwa kuwa mgonjwa mwenye njaa hapati nafuu kwa vidonge peke yake.

Mpangilio huo una thamani kuliko bodi kumi, ingawa nao hautoshi. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, ilionekana wazi kwamba ahadi ya washirika wa Eldoret na ahadi ya mfadhili wao, serikali hiyo, ni vitu viwili tofauti.

Kule Philadelphia, hospitali ya Hahnemann iliuzwa mara mbili, ikaishia mikononi mwa wawekezaji, na mwaka 2019 ikafungwa. Ardhi iliyo chini yake ilikuwa imewekwa katika kampuni nyingine, nje ya kesi ya ufilisi. Madaktari zaidi ya 500 waliokuwa mafunzoni walitawanyika kutafuta hospitali za kuwapokea.

Wewe uliyeteuliwa juzi kwenye bodi ya hospitali ya kufundishia, omba orodha ya fedha zote zenye masharti, kisha uliza ni nani wa nje ambaye lazima akubali kabla hazijaguswa. Ukikosa jibu la swali la pili, usitie saini.