Injini Husomwa kwa Mikono

Injini ya zamani huwezi kuijua mpaka uifungue kwa mikono yako mwenyewe. Chukua ile ya Datsun 240Z, gari la michezo kutoka Japani lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, wala haina kompyuta ya kukuambia ugonjwa uko wapi. Katika darasa la vitendo utaiingiza ringi mpya ya pistoni ndani ya silinda, utaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha utapima pengo la ncha zake kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Pengo likiwa dogo mno, injini ikipata moto ncha zitagusana, na ringi itavunjika au kuchubua ukuta wa silinda. Bolti za silinda hedi utazikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na hapo ndipo subira ya mwanafunzi hupimwa kweli, maana kila mtu hutamani kuzimaliza kwa mkupuo mmoja. Vipimo vyote vimo katika kitabu cha mwongozo wa injini. Namna spana inavyokuwa nzito bolti inapofika mahali pake, hiyo utaisikia mwenyewe. Mafundi waliozishika injini hizi zikiwa bado mpya wanazeeka. Ukisikia darasa linalokukabidhi spana tangu siku ya kwanza, jiandikishe wakati mwalimu bado yupo.