Sarafu ya Chenji ni ya Nani?

Kijana mmoja wa kwaya aliuliza katika darasa la Biblia: ukikuta sarafu adimu ndani ya chenji ya sokoni, ni yako? Wengine walicheka. Mimi naona ni swali zito.

Mambo haya hutokea. Mwaka 1943 Marekani ilihitaji shaba kwa ajili ya vita, hivyo senti zao zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache zilitoka za shaba kwa makosa. Mwaka 1947 mwanafunzi wa miaka 16 aliikuta moja katika chenji ya chakula cha shuleni. Aliitunza hadi uzee, na mwaka 2019, baada ya kufariki kwake, iliuzwa mnadani kwa dola 204,000. Senti moja! Aliyempa hakupunjwa, maana wakati wa kupeana hakuna aliyemficha mwenzake neno.

Lakini tuje karibu. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, zenye picha ya tembo. (Hata neno letu "hela" limetoka kwenye sarafu yao ndogo, heller.) Tuseme bibi mmoja mwenyeji amekuta moja katika vitu vya marehemu babu yake, akakuambia, "Mwanangu, nipe elfu mbili tu." Wewe unaijua, yeye haijui. Utanyamaza?

Wapo watakaonionyesha Mathayo 13:44, yule aliyeficha hazina kisha akanunua shamba. Ndugu, mfano ule wafundisha furaha ya kuuza vyote kwa ajili ya Ufalme. Haufundishi biashara, kama vile mfano wa mwizi wa usiku haufundishi wizi. Habari ya kuuza na kununua iko Walawi 25:14, na pale mnunuzi naye anaonywa.

Tena sisi tuliouza mbuzi na baiskeli kwa bei ya kutupa wiki ile ya kukimbia, twajua uchungu wake. Ila sisi bei tuliijua, tulikosa nguvu tu. Bibi huyu hata kujua hajui. Atakushukuru huku unamnyang'anya.

Mwambie kwanza, ndipo mpatane bei. Na mwambie asiisugue kwa majivu ing'ae, maana wanunuzi wa sarafu za kale huishusha thamani iliyosuguliwa.