Pini Ndefu ya Juu

Masomo ya kutafakari: Yoshua bin Sira 38:27-34, Mathayo 5:23-24



Wapendwa vijana, hebu chukua plagi ya pasi au ya friji hapo nyumbani, ile ya pini tatu, uitazame vizuri. Pini ya juu ni ndefu kuliko zile mbili za chini. Imetengenezwa hivyo makusudi, iingie ya kwanza kabla umeme haujafika, na itoke ya mwisho umeme ukishakatika. Hiyo ndiyo pini ya ethi, yaani ya ardhi. Na sisi tunaifanyaje? Chaja ya pini mbili ikikataa kuingia, tunachomeka kalamu kwenye tundu la juu, simu inachaji, maisha yanaendelea!

Leo nataka kusema na nyinyi mnaosoma umeme na elektroniki kwenye skuli za ufundi. Na wewe unayesoma kitu kingine usiondoke, maana yanakuhusu pia.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu, skuli ya ufundi, swali la ethi nilikuwa nalijibu nikiwa nimefumba macho. Taa inawaka bila ethi. Feni inazunguka bila ethi. Lakini siku waya wa moto ukichubuka ndani ya friji ukagusa bodi la chuma, ethi ndiyo inayoupa umeme njia ya kwenda ardhini, na kifaa cha ulinzi kinakata. Ethi isipokuwepo, bodi linabaki na umeme, linasubiri mkono wa mtu. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Likizo ikafika. Fundi mmoja akanichukua kumsaidia wayaringi katika nyumba moja ya Mlandege, si mbali na maduka. Tulipofika kwenye soketi, waya ukapungua na pesa ya bajeti ilikuwa imekwisha. Fundi akaniambia, “Ethi tuache. Bi mkubwa mwenyewe haelewi, muhimu taa ziwake.” Nikakaa kimya. Nikafunga soketi moja baada ya nyingine, tundu la juu halina kitu nyuma yake. Nikalipwa. Jumapili nikavuka Darajani, nikaingia Mji Mkongwe, nikasali Minara Miwili, katika kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu. Niliimba vizuri tu.

Wiki chache baadaye habari ikanifikia. Mjukuu wa yule bi, miguu mitupu, sakafu imetoka kupigwa deki, alishika mlango wa friji. Alitupwa chini. Mungu ni mwema, mtoto alipona. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Nikaenda kuungama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi: fundi aliniamuru, mimi ni mdogo, pesa ilikuwa haitoshi. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: “Nyumba hiyo sasa ina ethi?”

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoielewa Mathayo 5. Yesu anasema habari za mtu aliyekwisha kufika altareni na sadaka yake mkononi, halafu akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anamwambia aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane. Na Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kusikitika, alitaja na kiasi atakachorudisha. Katika kitubio tunasamehewa kweli, lakini huruma ya Mungu haitumii mdomo wetu peke yake. Inataka na miguu yetu irudi pale tulipoharibu.

Nikarudi Mlandege. Mwanafunzi si fundi mwenye leseni, kwa hiyo nilimwomba mwalimu wangu wa umeme tufuatane.

“Shikamoo bi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu.

“Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, bi.”

“Basi wewe ndiye utakayeitengeneza.”

Akiba yangu iliisha siku hiyo. Tulizima swichi kuu, tukapigilia fimbo ya shaba ardhini, tukapitisha waya wa kijani na njano mpaka kila soketi, mwalimu akapima mara mbili. Jioni taa ziliwaka vilevile kama jana. Hakuna jirani aliyeona tofauti yoyote. Bi akatuletea chai, akasema, “Sasa kaeni mnywe.”

Yoshua bin Sira anawataja mafundi wa zamani: mchonga mihuri, mhunzi, mfinyanzi. Anasema hawaitwi kwenye baraza la wakubwa wala hawakai kwenye kiti cha hakimu, lakini bila wao mji haukaliki. Na anamalizia kwamba sala yao imo ndani ya kazi yao. Yaani waya ukiukaza vizuri mahali ambapo hakuna atakayefungua kutazama, hapo unasali. Ukiulegeza kwa sababu hakuna atakayefungua, hapo pia umesema kitu mbele ya Mungu.

Sisi wa Unguja tunapaswa kulielewa hili haraka. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Nani alikuwa akiukumbuka? Ilipotokea hitilafu Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani karibu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Hapo kila mtu alijua kwamba kitu tusichokiona ndicho kilichokuwa kinatubeba.

Kwa hiyo, kijana wa TYCS, wa VIWAWA, au wewe usiye na kikundi, nina maombi matatu. Kwanza, usipike vipimo maabara. Mita ikisoma tofauti na kitabu, andika ulichokiona, kisha tafuta sababu. Anayezoea kudanganya karatasi ataidanganya nyumba ya mtu. Pili, ukiambiwa “acha tu, haonekani”, jifunze kusema hapana kwa heshima, hata kama utakosa kibarua. Najua inauma, pesa inahitajika. Lakini mimi nilikula pesa ile wiki moja, na sauti ya yule mtoto sijaisikia bado naiwaza hadi leo. Tatu, nyumba nyingi utakazoingia hapa Zanzibar ni za majirani zetu Waislamu. Wengi wao hawatasikia mahubiri ya padri wetu hata siku moja. Watashika mlango wa friji.

Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi, na Injili haikutuandikia hata neno moja alilolisema. Lakini Mungu alimkabidhi Mwanae alale chini ya paa la mtu huyo.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyeitwa mwana wa seremala, ubariki mikono ya vijana wanaojifunza ufundi. Utupe uaminifu mahali pasipo na macho ya watu, na ujasiri wa kurudi kutengeneza tulipoharibu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.